Karatasi Nyuma ya Ubao

Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Mvua haijaanza. Nimerudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, nikakuta mbao za mninga zimeshushwa mbele ya karakana. Ni mti mmoja tu, uliotolewa na muumini wa Sigino. Ukiisha, hakuna mwingine.

Kazi ni fremu kumi na nne za picha za Njia ya Msalaba. Zinatakiwa ziwe ukutani Ijumaa Kuu. Si fremu bapa. Ubavu wake umeinamia ndani kama ubavu wa sinia, na ubao wenyewe una upana wa inchi nane. Kila kona hukatwa kwa kuigeuza mashine na kuilaza kwa wakati mmoja, na kichwa cha msumeno lazima kiteleze juu ya reli ili kiufikie upana wote. Ndiyo maana kazi imeletwa hapa. Mashine ya pembe pekee iliyopo hapa Bagara kwa miaka kumi na saba ni yangu.

Leo haiko peke yake tena. Binti yangu Kandida ameleta ya kwake, mpya, ikiwa bado na harufu ya boksi. Ameiweka kwenye meza iliyo karibu na dirisha, ikiegemea ukuta.

Nimemwambia mbele ya Cornel, fundi wangu wa siku zote: "Fremu saba mashine yangu, saba yako. Zako zikitoka sawa na zangu, Jumatatu ya Pasaka nakukabidhi ufunguo wa karakana, na milango ya nyumba mpya ya mapadre utaisimamia wewe. Zisipotoka sawa, mashine hiyo itarudi kwenye boksi lake, nawe utafuata utaratibu wa hapa."

"Nimekubali, Baba," amesema. "Ila zangu nizikate mwenyewe."

Nimekubali.

Jumamosi, 8 Machi

Ninataka kuziandika mashine hizi mbili kwa haki, kabla mtu hajasema kwamba mzee anachukia vitu vipya.

Yangu ni nzito. Hubebwa na wanaume wawili. Reli zake mbili hutoka nyuma ukiirudisha, kwa hiyo meza yake lazima ikae mbali na ukuta, na karakana hupoteza nafasi ya kutosha kulaza mlango. Hulala upande wa kushoto tu. Ukitaka pembe ya upande wa pili, unaugeuza ubao, na asiyefikiri kabla ya kugeuza huharibu ubao. Namba za digrii zimefutika kiasi kwamba ninazijua kwa kidole. Vumbi lote humrudia mkataji kifuani. Lakini chuma chake ni chuma. Ukiibana hapo ulipoibana, haisogei.

Ya Kandida ina reli zisizotoka nyuma. Zimesimama mahali pamoja na kichwa ndicho kinachosafiri juu yake, ndiyo maana inaweza kuegemea ukuta. Hulala kushoto na kulia. Ina taa ndogo inayotupa kivuli cha meno juu ya ubao, ukaona msumeno utakapopita kabla haujapita. Mfuko wake hupokea vumbi kweli. Huanza polepole, haishtuki. Hutumia betri, jambo ambalo nililicheka mpaka umeme ulipokatika saa nne asubuhi: yangu ikanyamaza, yake ikaendelea. Ubaya wake ni plastiki nyingi, na wepesi. Kitu chepesi sikiamini.

Cornel ameziwasha zote mbili, moja baada ya nyingine. "Mwalimu, yako ikiamka, Bagara nzima inajua. Hii ya Mama Careen ukiiwasha unadhani ni feni."

"Feni haikati mninga," nikamjibu.

"Basi ngoja tuone kama inapuliza."

Kandida, ambaye Cornel humwita kwa jina la mtoto wake, akacheka. Akachukua kipande cha ubao wa saiprasi, akakiegemeza kwenye ukingo wa nyuma wa mashine yake, akakata. Nikamsimamisha.

"Kanuni ya nne?"

Kanuni za karakana hii ni kumi na mbili. Nimeziandika kwa mkono wangu kwenye ubao ulioko ukutani, na hakuna aliyepita hapa bila kuzikariri. Ya nne inasema: *Kunja karatasi ya daftari mara mbili, iweke kati ya ubao na ukingo, upande wa kulia, ndipo ukate.*

"Hii haihitaji karatasi, Baba," akasema.

"Kila mashine ya pembe inahitaji."

"Pima uone."

Sikupima. Mwanafunzi hamwambii mwalimu apime.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekata fremu mbili. Vumbi. Jua kali.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Mlima Kwaraa umefunikwa tangu asubuhi. Mke wangu Domitila amekwenda kupanda maharage pamoja na majirani. Njia ya Msalaba ya jioni tumeifanya kwa picha za karatasi zilizobandikwa ukutani, na tatu zimeanguka kwa unyevu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Apolinary, amenigusa bega: "Mwalimu Teodori, unaona jinsi tunavyokungoja."

Kandida amekata fremu mbili. Hakuweka karatasi. Nimegeuka upande mwingine ili nisiseme.

Jumatano, 19 Machi. Mtakatifu Yosefu

Kila mwaka, siku ya msimamizi wa maseremala, mafundi niliowafundisha hurudi karakanani na misumeno yao. Padre hunyunyiza maji ya baraka. Kisha ninasoma kanuni moja moja, nao huirudia kwa sauti, mkono juu ya chombo. Hiyo ni desturi ya hapa. Sijaisikia mahali pengine.

Leo wamekuja kumi na saba, wengine kutoka Dareda na Mbulu, na matope mpaka magotini. Rogathe amekuja na mashine mpya kama ya Kandida, ameifunga kwenye pikipiki kwa nailoni kama mgonjwa. Wote wamesema kwa nguvu: "Karatasi nyuma ya ubao!" Karakana imetikisika. Miaka kumi na saba ya kazi yangu ilikuwa katika sauti hiyo.

Kwenye kanuni ya nne Kandida hakufungua mdomo. Kwenye nyingine kumi na moja alisema pamoja nao.

Rogathe aliliona hilo. Alipokuwa akifunga mashine yake nikamsikia: "Dada Kandida, wewe umeshakuwa kidato cha juu, eti? Sisi wa karatasi umetuacha."

"Rogathe, wewe hiyo mashine umeipima?"

"Nipime nini? Mwalimu alishapima."

Niliona fahari. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli kwamba niliona fahari.

Jumamosi, 22 Machi

Fremu zangu saba zimekamilika. Nimezifunga kwa gundi na kamba, kona zimeumana. Ukipitisha ukucha haunasi popote. Kandida ana tatu. Sijazipima. Kwa macho hazina kasoro, na jambo hilo limenikera zaidi ya kasoro.

Jumatatu, 24 Machi

Careen, mtoto wa Kandida, ameshikwa na homa usiku. Amelazwa. Mumewe Kandida yuko Kiteto kwenye kazi ya barabara. Domitila amekwenda kukaa nao hospitali.

Kandida alipita karakanani asubuhi, macho mekundu. "Baba, naomba mningoje. Siku tatu, nne. Mbao zangu nimeziweka juu ya mirunda zisilowe."

Nikasema tutaona.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kutwa. Nimewaza hivi: unyevu ukiingia kwenye mbao hizo zitavimba, kamati itakutana Jumapili, kazi ya kanisa haingoji homa. Nimemwita Cornel.

"Maliza nne za Kandida. Kwa mashine yake, kama tulivyokubaliana."

Cornel hakusogea. "Mwalimu, Mama Careen alisema atazikata mwenyewe."

"Nani mkuu wa karakana hii?"

"Wewe, Mwalimu."

"Basi kata. Na ufuate kanuni zote kumi na mbili."

"Hata ya nne?"

"Zote, Cornel. Mpaka leo nimefundisha kumi na moja?"

Akachana ukurasa wa daftari, akaukunja mara mbili.

Alhamisi, 27 Machi

Careen anaendelea vizuri. Fremu nne zimekatwa. Hazijafungwa.

Jumamosi, 29 Machi

Tumezifunga. Kona ya kwanza sawa, ya pili karibu sawa, ya tatu unaona mstari mweusi mwembamba. Ya nne haikuumana kabisa. Kosa dogo la kila kona hukusanyika kwenye kona ya mwisho, na pale ukucha unaingia wote. Fremu zote nne ziko hivyo. Kuzikata upya haiwezekani: zitapungua na picha hazitaingia, na mninga umekwisha.

Cornel alisimama akishika kofia yake. "Imekuwaje, Mwalimu?"

"Mashine ndiyo imekuwa hivyo," nikasema. "Nilisema kitu chepesi sikiamini."

Nilikuwa na huzuni kwa ajili ya mbao. Lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine, kitamu, na ninakiandika hapa kwa sababu shajara isiyosema kweli ni karatasi tu. Nilifurahi.

Jumapili, 30 Machi

Kamati imekuja baada ya Misa. Watu watano, na Mzee Apolinary na miwani yake. Kandida alikuwa amerudi asubuhi kutoka hospitali na kanga ileile ya Jumatatu. Nilikuwa nimezipanga fremu mezani: saba zangu upande mmoja, saba zake upande wa pili, zile tatu alizokata yeye zikiwa katikati ya zile nne. Sikusema ni zipi.

Apolinary alipitisha kidole. "Mama Careen, hizi zako zimepiga mwayo."

Watu wakacheka. Mama Irine, mtunza vifaa vya kanisa, akasema kwa sauti ya kuonea huruma: "Mwanamke kushindana na mashine kubwa namna hii, si mchezo."

Kandida alisogea mezani. Aliinua fremu moja, akaitazama kona ya nne, akaiweka. Akainua nyingine. Kisha akamtazama Cornel. "Nani alikata?"

Cornel akanitazama mimi.

"Cornel alikata," nikasema, "kwa mashine yako, kwa kanuni za karakana hii."

Alitazama ukutani, kwenye ubao wangu. Hakusoma mahali pengine ila pale pa nne. Niliona macho yake yaliposimama. Nilijua kwamba sasa atasema. Nilijiandaa kumjibu. Hakusema.

"Basi," akasema, "kama ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyo."

Apolinary ameamua nyufa zizibwe kwa gundi na vumbi la mbao, fremu zitundikwe hivyohivyo, maana Pasaka haiahirishwi. Milango ya nyumba ya mapadre itasimamiwa na mimi. Kamati haiwezi, alisema, kumkabidhi kazi kubwa mtu aliyeshindwa ndogo.

Kandida aliniaga kwa heshima zote. Hilo ndilo lililoniuma kidogo.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Cornel hayupo, amekwenda kupalilia Mutuka. Mashine ya Kandida bado iko mezani karibu na dirisha, amesema ataifuata Jumamosi.

Nimechukua kigunia changu cha chuma, kile cha kupimia mraba. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuiona kasoro kwa macho yangu ili nilale vizuri. Nikaweka kipande cha saiprasi bila karatasi, nikakata, nikakiweka kigunia, nikainua kuelekea dirishani. Hakuna mwanga uliopita. Nikakata tena. Hakuna. Nikalaza mashine kulia, kushoto, nikakata vipande vinane vidogo, nikaunganisha fremu mbili za mchezo. Kona ya nne iliumana kama mlango wa tabernakulo kanisani.

Kisha nikakunja karatasi mara mbili. Nikakata vipande vingine vinne. Kona ya nne ikafunguka, kipimo kilekile cha zile za Jumapili.

Nikakaa juu ya gogo.

Ukweli nimeujua tangu mwaka 2008, ila nilikuwa nimeufukia. Niliinunua mashine yangu Arusha, kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana yake. Tuliipakia kwenye lori. Kamba niliifunga mimi, mimi ninayewafundisha watu mafundo. Barabara ilikuwa bado ya vumbi na mashimo. Pale Magugu kamba ililegea, mashine ikaanguka kutoka juu ya lori. Ilipofika Babati ilikuwa nzima, isipokuwa ukingo wa nyuma: ulipinda kwa unene wa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Ningeweza kuupeleka ukanyooshwe. Ningelazimika kusema umepindaje. Nikaweka karatasi. Mwanafunzi wa kwanza aliponiuliza sababu, nilimwambia kila mashine ya aina hii huzaliwa na kasoro hiyo. Wa pili hakuuliza. Alimwona wa kwanza akifanya. Wa tatu alikuta imeandikwa ukutani. Baada ya miaka kadhaa nami nikaisoma pale ukutani na kuiamini, kama mtu anayeamini ushahidi wa uongo alioutoa mwenyewe.

Kandida aliniambia tarehe nane ya Machi. Alisema: pima uone.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikwenda mpaka kwa Apolinary. Alikuwa akinywa chai na wageni. Tukazungumza habari za mvua. Sikusema.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Kandida amekuja na pikipiki ya magurudumu matatu kuichukua mashine. Amepata chumba Mutuka, kando ya barabara, kina umeme na paa lisilovuja. Ataanza kwa meza na vitanda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Careen?"

"Anacheza."

Nilishika upande mmoja wa mashine, yeye upande wa pili. Tulitoka nayo mlangoni polepole, tukikanyaga matope. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyokuwa tangu alipokuwa mtoto mdogo. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Dereva akasema, "Mzee, inua kidogo huko," nikainua. Tukaiweka. Kandida akaifunga kamba mwenyewe, fundo nililomfundisha, akaivuta mara mbili kuhakikisha.

"Imekaza?" nikamuuliza.

"Imekaza, Baba. Haitaanguka."

Sijui kama alikuwa na maana nyingine. Pikipiki ikaondoka. Sikusema.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeziba nyufa kwa gundi na vumbi. Vumbi la mninga ni jekundu, gundi ikikauka huwa na rangi nyingine. Inaonekana.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Rogathe amenisimamisha nje ya kanisa, tawi mkononi. "Mwalimu, ile mashine yangu mpya inanisumbua. Kona ya mwisho haikubali. Nimekunja karatasi mara mbili, nikakunja mara tatu, ndiyo kwanza inazidi. Au mara nne?"

Nilimwambia nitapita kuiona. Nilishindwa kumtazama. Ana mafundi wawili chini yake, nao wanakunja karatasi.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nilikuwa nikimlaumu Cornel jikoni, mbele ya Domitila, kwa kuchelewa kupaka vanishi. Sauti ilinipanda. Cornel akatoka. Domitila alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa.

"Baba Kandida," akasema, "mimi nilikuwepo Magugu."

Nikageuka kumtazama.

"Nilikuwa nimekaa mbele na dereva. Nilisikia kishindo. Nilikuona ukipangusa vumbi kwenye ile mashine kwa shati lako. Ukaniambia, usimwambie mtu. Sijamwambia mtu, miaka kumi na saba. Lakini sikujua kwamba utakuja kumtoza mwanangu deni hilo."

"Mwanetu," nikasema.

"Angekuwa wako ungemngoja siku nne."

Akaendelea kuchambua, mabovu huku, mazima huku.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimemwambia Apolinary. Nimesimama, sikukaa, nimesema yote: Magugu, karatasi, amri niliyompa Cornel, ahadi niliyoivunja, na kwamba zile fremu tatu alizokata Kandida mwenyewe ni bora kuliko zangu saba. Hilo la mwisho nilikuwa nimelipima jana jioni kwa kigunia, wakati wa kuzipeleka kanisani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Mwalimu, haya mambo yamekwisha. Mtu akisimama nyuma kidogo, nyufa hata hazionekani. Sasa ukianza kusema kwamba wewe ndiye, watu watauliza na madawati ya shule, na madirisha ya zahanati, nani alifundisha nani. Yaache."

"Na milango?"

"Milango tumeshakuandika wewe. Utaifanya vizuri, sina shaka."

"Milango ni ya Kandida."

"Kandida amehama, Mwalimu. Fundi anayehama wakati wa kazi, kamati itamwandikaje?"

Kwa hiyo kuondoka kwake, ambako mimi ndimi nilikusababisha, sasa ni kosa lake la pili.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Fremu zote kumi na nne ziko ukutani. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba katekista alilazimika kupaza sauti. Tulianza kituo cha kwanza. Mpaka cha saba nilitembea pamoja na watu. Kuanzia cha nane, fremu ni za mashine mpya. Zile tatu za Kandida ziko kituo cha nane, cha tisa na cha kumi. Baada ya hapo ni zangu, ijapokuwa zinaitwa zake.

Kituo cha kumi na moja, Yesu anapigiliwa msalabani. Nilipiga magoti chini ya kona ya nne. Mstari wa gundi ulikuwa mbele ya macho yangu, mweupe, kama kovu. Nyuma yangu mtu alinong'ona: "Hizi ndizo za yule binti." Mwenzake akajibu: "Zinaonekana."

Tulipomaliza cha kumi na nne, kabla watu hawajatawanyika, nilisimama mbele. Nilisema kwa sauti ya darasani, ili mvua isinisaidie kujificha. Nilisema nyufa za fremu nne si za Kandida wala za mashine yake. Nilisema kanuni ya nne ya karakana yangu ni uongo, na kila fundi mwenye mashine nzima aitupe karatasi.

Katekista alikohoa. Kandida alikuwa kwenye benchi la akina mama, Careen amelala mapajani. Hakuinua macho. Watu walitoka kimyakimya kama ilivyo desturi ya siku hiyo, na sikuweza kujua kimya kilikuwa cha Bwana au changu.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Rogathe amepiga simu. "Mwalimu, nimesikia ulichosema jana. Sasa tuambie vizuri, ulikuwa unatupima?"

"Sikuwa ninakupima. Itupe karatasi. Pima mashine yako bila karatasi."

Akacheka. "Eeh, nimekuelewa. Unataka kuona nani atashika kanuni hata mwalimu mwenyewe akimwambia aiache. Mimi siachi, Mwalimu. Mimi si kama wengine."

Nilirudia mara tatu. Kila niliporudia, ndivyo alivyozidi kujisifu kwamba amefaulu.

Cornel yeye hakucheka. Alikuja akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo siku ile, Mwalimu, ulipouliza nani mkuu wa karakana, ningekataa ingekuwaje?" Nikamwambia ningemfukuza. "Ndivyo nilivyodhani," akasema, akachukua ufagio.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimekwenda Mutuka kwa miguu na ufunguo mfukoni. Chumba cha Kandida ni kidogo, mashine inaegemea ukuta, na bado kuna nafasi ya kitanda kinachotengenezwa. Pale kwangu kitanda hicho kingelala nje. Alinipa kiti, akaniamkia, akaleta chai na mkate wa sikukuu.

Niliweka ufunguo mezani. "Leo ni siku tuliyokubaliana. Fremu zako ni bora. Karakana ni yako, na jina la karakana, na meza zote."

Aliutazama. "Na milango?"

"Kamati imekataa."

"Na Rogathe na wenzake?"

"Hawaniamini. Wanadhani ninawapima."

Alizungusha kikombe. "Baba, siku ile ya kamati nilijua palepale. Niliona ile kona, nikaujua unene wake. Nimeukunja unene huo tangu nina miaka kumi na saba. Ningesema pale, watu wangekucheka wewe. Nikaona bora wanicheke mimi, maana wewe ungenifuata nje na kulisema. Nikakungoja mlangoni. Nikakungoja wiki nzima. Siku ya kubeba mashine nilikuja mwenyewe, ningeweza kumtuma mtu. Nilijua utasema."

"Nilikuwa nimelishika mdomoni."

"Nilikuona."

Mvua ilikuwa imesimama. Nikamuuliza, kama mjinga: "Ulitaka nifanye nini, Kandida?"

"Ungepima tu, Baba," akasema. "Tarehe nane. Kabla ya yote. Dakika moja."

Akausukuma ufunguo kunielekea, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu. Hakuwa na hasira. Akaniongezea chai.

Jumanne, 22 Aprili

Nimepaka rangi nyeusi juu ya kanuni ya nne. Kisha nikaanza miimo ya mlango wa kwanza wa nyumba ya mapadre, mimi na Cornel, na mashine yangu, meza ikiwa mbali na ukuta.

Nimekata mwimo wa kwanza bila karatasi. Kigunia kimeonyesha mwanga.

Cornel alisimama pembeni, akiangalia pale penye rangi nyeusi. Fundi wa kunyoosha ukingo hayupo Babati, na kazi ina tarehe. Nikachana ukurasa wa daftari, nikaukunja mara mbili, nikauweka nyuma ya ubao, upande wa kulia, nikakata.

Kona imetoka mraba.